Nilifuta Vipande Kwenye Nati ya Sumaku

Nimekosa, na aliyeumia si mimi. Naandika bila jina kwa sababu nyumbani hakuna hata mmoja ninayeweza kumtazama usoni nikalisema hili.

Kaka yangu analima tumbaku Inyonga. Msimu uliopita alipokwenda shambani, aliniachia pikipiki yake nifanye bodaboda hapa Mpanda. Sharti lilikuwa moja: nibebe watu, nisibebe mizigo. Chini ya injini, pale pa kumwagia oili, alikuwa amefunga nati yenye sumaku. Akanielekeza: "Ukimwaga oili, itazame. Ukikuta unga laini wa chuma, hiyo kawaida. Ukikuta vipande, usiwashe tena, mwite fundi."

Kijiweni tuliicheka sana ile nati. Mwenzetu mmoja alisema kaka kanunua hirizi. Nami nikacheka, mpumbavu mimi.

Sharti sikulishika. Nilibeba magunia ya mahindi kutoka Ilembo, mawili mawili, na oili niliiacha mpaka ikawa nyeusi tii. Kaka alipopiga simu kwamba anakuja kuchukua pikipiki yake, ndipo nikaimwaga. Nati ilitoka imeng'ang'aniwa na vipande vya chuma, vingine vikubwa kama punje za mchele. Nilijua maana yake. Injini ilikuwa inasagika ndani kwa ndani, na kaka angejua ni mizigo yangu.

Nikachukua kitambaa, nikaifuta mpaka ikang'aa, nikaifunga, nikajaza oili mpya.

Alipofika aliuliza, "Nati umeionaje?"

"Safi, kaka. Unga kidogo tu."

Akanishika bega. "Umeitunza, mdogo wangu."

Kesho yake alimpakia mkewe, wakaanza safari ya Inyonga. Njiani injini ilikwama pikipiki ikiwa kwenye mwendo, tairi la nyuma likajifunga, wakaanguka. Kaka alichubuka tu. Shemeji alivunjika nyonga. Sasa anatembea na fimbo, na jembe hashiki tena. Shemeji yule aliyekuwa akituacha nyuma wote shambani!

Nanyamaza, na kunyamaza huku kumezidi lile kosa la kwanza. Kaka aliing'oa ile nati akaitupa. Kila mwenye pikipiki anayemuuliza, anamwambia sumaku ni utapeli mtupu, maana ilikuwa safi siku moja kabla injini haijafa. Watu wanamwamini. Mimi nakaa pembeni, natazama chini.

Nyie mnaoulizana kama nati ya sumaku ina faida, ina faida. Ile yetu ilisema kweli, nami nikaifuta kwa kitambaa. Ukikuta vipande, mwonyeshe mwenye pikipiki siku hiyohiyo, akutukane, akunyang'anye funguo, yaishe.

Mimi nilikwepa kugombezwa na kaka. Jana shemeji aliniomba nimshike mkono avuke mtaro wa mlangoni. Alipofika upande wa pili akaniambia, "Mungu akubariki, shemeji. Wewe ndiye unayenionea huruma."