Maana ya Kizuizi Katika Kontra

Mwaka ule ziwa lilipanda, sikutulia hata siku moja. Kila asubuhi nilipima kwa miguu, toka mlango wa kibanda changu cha kukaushia samaki mpaka maji. Hatua kumi na mbili. Juma lililofuata, tisa. Kibanda kile ndicho kilitulisha mimi na batoto. Kiwanja hakikuwa changu. Nilipanga kwa mama mumoja muzee wa hapa Nchelenge, Mubemba, aliyejua Kiswahili cha sokoni tu.

Bon, nikakumbuka kontra, ile karatasi ya kupanga kiwanja. Iliandikwa Kingereza, sisi tuliweka vidole tu. Kipande kimoja nilitafsiriwa: maji yakiharibu kizuizi cha ukingo, mwenye kiwanja anatengeneza, mupangaji akikiharibu, anatoka. Kizuizi kwangu ni ukuta wa mawe, na hapa hakukuwa na jiwe hata moja. Basi anijengee! Nikamufuata kwake, roho juu, hata salamu niliikata nusu.

"Mama, ziwa inakula kibanda yangu na wewe umekaa tu."

Akafunga kitenge vizuri. "Twende ku biro, kwa karani, batusomee."

Karani alisoma polepole mpaka nikatamani kumunyang'anya karatasi. Mwanzoni kuna ukurasa wa maana ya maneno. Akatueleza: kizuizi ni kitu chochote mutu alichoweka ukingoni ili udongo usiende. Mawe, nguzo, mifuko ya muchanga, mashua ya zamani iliyozikwa.

Kwetu ni juu milimani, kule Kongo. Tulikimbia na majembe, ziwa hatulijui. Ile mashua iliyolala ukingoni, imejaa muchanga, mimi niliiona takataka. Kuni zilipokuwa shida niliing'oa ubao kwa ubao, nikakaushia samaki. Bavuvi balinipita wakifikiri nimepewa ruhusa.

Karani akauliza, "Pale ukingoni kulikuwa kitu?"

Mama alitazama mikono yake. Nilitaka kukana, sifichi. Nani angenishitaki? Lakini ile kimya yake ilinichoma.

"Kulikuwa mashua," nikasema. "Niliichoma mimi."

Karani akamugeukia mama: anitoe ama aniache, neno ni lake. Mama akasema nitabaki, nitajaza mifuko ya muchanga, na kesho yeye atakuja kunishikia midomo ya mifuko. Niliona haya mpaka masikioni. Afazali angenitukana.

Tulitembea mpaka karibu na soko, sikuweza kuvumilia. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Wale samaki uliniletea siku ya Noeli balinuka lami. Bwana yangu ndiye aliipaka mashua ile lami, mwaka ule alikufa."

"Na hukusema kitu?"

"Ulikuwa mugeni, uliniletea chakula," akasema. "Nilikula yote."