Miiba kwenye Njia ya Kisimani

Niliporudi Runazi kuishi na mama, njia ya kwenda kisimani ilikuwa inapita katikati ya shamba la jirani yetu, mwalimu mstaafu. Watu walipita humo tangu mama aolewe pale. Asubuhi moja tukakuta imezibwa kwa matawi ya miiba.

Kuzunguka kwa barabarani ni mwendo mrefu, tena wa mlima. Nilipandwa na hasira. Nikaweka ndoo chini, nikawakusanya wanawake wenzangu, tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Njia nzima niliongea mimi tu.

"Njia ni ya watu wote," nilimwambia. "Hawezi kuifunga kama mlango wa choo chake!"

Mwenyekiti akacheka, akavaa mabuti yake, tukaongozana hadi shambani. Mwalimu alikuwa anapalilia maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Afadhali mmekuja wengi. Hebu njooni muone."

Kweli, njia ile moja ilikuwa imezaa nyingine mbili. Kila mtu alikwepa tope kwa kukanyaga maharage, na mistari mizima ilikuwa imelala chini. Mbele kidogo mimea ilikuwa imeliwa, imebaki vijiti.

"Watu kupita sijakataa," mwalimu alisema. "Lakini mbuzi naye anakwenda kuchota maji?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi kicheko hakikutoka. Kila jioni nilikuja na mbuzi wetu, na nilipokuwa najaza ndoo nilimlegezea kamba. Nilitamani kunyamaza, ila baada ya maneno yote niliyoyasema asubuhi ile, niliona kujificha ni aibu zaidi.

"Mwalimu, mbuzi huyo ni wangu. Nisamehe."

Akanitazama, jembe mkononi. "Wa kwako? Nami nimemnunia mzee wa ng'ambo ya kisima wiki mbili nikidhani ni wake, hata salamu simwitikii!"

Hapo hata mwenyekiti alishika mbavu. Mwalimu akanichukua twende wote tukamwombe radhi yule mzee. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe! Mimi nilidhani masikio yako yameharibika. Nikawa nakusalimia kwa sauti kubwa zaidi."

Tukakubaliana mbele ya mwenyekiti: njia ibaki wazi kwa kila mtu, upana wake wa kupishana watu wawili wenye ndoo, asiyetaka tope asikanyage mazao, mifugo ipite barabarani. Jumamosi tukachimba mfereji na kupanga mawe palipokuwa na tope. Mimi nilibeba mawe kuliko wote, na hakuna aliyenihurumia. Miiba aliiondoa mwalimu mwenyewe, kisha mkewe akatuletea sufuria ya mahindi ya kuchemsha.

Mama alikuwa wa kwanza kupita, ndoo kichwani, akikanyaga jiwe baada ya jiwe. Alifika ng'ambo miguu mikavu, akageuka, akatupigia vigelegele.