Mbwa wa Kununua

Amoni hakupenda kitu cha kupewa. Ukimletea mkungu wa ndizi leo, kesho asubuhi utamwona yuko mlangoni kwako na debe la viazi begani, uso umekunjamana kama mtu aliyetukanwa, amekuja kurudisha. Watu wa Isongole walishamzoea. Walisema huyo hata mvua angeilipia, basi tu hajui duka lake liko wapi.

Uchungu huo ulikuwa na mzizi. Alizaliwa Matwebe, akafiwa na wazazi angali mdogo, akachukuliwa na baba yake mdogo. Chakula hakunyimwa, tuseme ukweli. Ila kila sahani ililetwa na maneno yake: "Kula, ungekuwa wapi wewe kama si sisi?" Kabla hajashika tonge ilimbidi aseme "ndaga", asante, na akisema kwa sauti ndogo aliambiwa arudie. Siku alipopanda Isongole kulima viazi kwenye shamba la kukodi, aliapa kwamba kwake hakitaingia kitu cha kuokota. Na kweli, mabati alinunua, ng'ombe wa maziwa alinunua, lile shamba la kukodi mwishowe akalinunua. Hata mahari ya mkewe Ikupa aliimaliza yote, jambo ambalo wakwe wenyewe hawakulitegemea.

Ikupa alikuwa wa namna nyingine kabisa. Kuku kiguru, paka aliyefukuzwa na wenzake, mtoto wa jirani aliyechapwa akakimbia kwao, wote waliishia jikoni kwake. Amoni alilalamika miaka yote ya ndoa yao, na miaka yote Ikupa alimsikiliza kwa heshima, kisha akaendelea kuwalisha.

Kilichowaingiza kwenye habari za mbwa ni wezi. Wezi wa viazi wana ufundi wao: hufukua tuta kwa mikono, wakachukua viazi, halafu wakasimamisha mashina na kuyafukia vizuri, mwenye shamba akipita asubuhi anasifia majani. Amoni aliyasifia majani yake siku kadhaa. Alipokuja kuvuta shina la kwanza, likaja mkononi bila kiazi hata kimoja. Akavuta la pili, la tatu, mpaka akafika mwisho wa tuta, akakaa chini kwenye ukungu akiwa amekumbatia jembe.

"Tunahitaji mbwa," alisema jioni ile.

"Mbwa yupo," Ikupa akajibu. "Tumchukue Mtasema."

Mtasema alikuwa jike la rangi ya udongo, mali ya marehemu Jairo, jirani yao. Jairo alikuwa na ugomvi wa mpaka na ndugu zake, na ndugu walimsema sana, naye akampa mbwa jina hilo ili kila jioni asimame uani aite kwa nguvu, "Mtasema! Mtasema!" na wenye masikio wasikie. Jairo alipofariki, ndugu waligawana mbuzi, jembe la ng'ombe na mpaka milango ya zizi. Mbwa hakuna aliyemtaka. Akabaki analala kwenye nyumba iliyofungwa, anaishi kwa ukoko ambao Ikupa alimtupia.

"Mbwa aliyekosa hata ndugu wa marehemu wa kumtaka?" Amoni aliuliza.

"Kukosa wa kumtaka si kosa lake, Baba Tulia."

Ikupa alijua ameligusa donda. Amoni naye alijua kwamba mkewe anajua, na hapo ndipo alipokasirika hasa. "Rahisi ghali," alisema akisimama. "Kesho nashuka Tukuyu kununua mbwa mwenye asili yake."

Huko Msasani, mtaa wa hapo Tukuyu, kulikuwa na kijana anaitwa Fred, mfugaji wa mbwa wakubwa wa kizungu, mwenye mabanda ya nyavu na mdomo mtamu. "Mzee, huyu si wa kuokoteza," alimwambia, akimnyanyua mmoja mweusi mwenye miguu ya kahawia na tumbo la duara. "Mama yake amechanjwa. Baba yake alitoka Mbeya kwa mtu mkubwa. Huyu akibweka mara moja, mwizi anahama wilaya." Amoni alilipa bila kuomba punguzo. Alipanda na kitoto hicho kwenye bodaboda, amekiweka ndani ya koti, na dereva alisimulia baadaye kijiweni kwamba siku hiyo alimwona mzee Amoni akitabasamu njia nzima. Alikipa jina Kamanda.

Ikupa hakuwa mtu wa kumnunia mnyama kwa ugomvi wa binadamu. Akakipokea. Na kwa kina Ikupa mbwa mgeni hafungwi kamba. Hutemewa mate mdomoni na yule atakayempa chakula, ili amjue na asitoroke kurudi alikotoka. Alikaa kwenye kigoda, akakilaza kitoto mapajani, akaingiza kidole gumba kati ya taya kukipanua mdomo, akatema. Kamanda akafurukuta, akafunga meno. Kidole chenyewe kilikuwa tayari kimepasuka nyufa kwa baridi na udongo wa viazi, kama vidole vya kila mwanamke wa huko, na damu ikatoka, tone tu.

"Kana meno kama sindano," Ikupa alisema, akifuta kidole kwenye kitenge.

"Meno ya utoto hayo!" Amoni akajibu. Wakacheka wote wawili.

Siku chache baadaye Mtasema alikuja uani kama kawaida yake, akanusa bakuli la Kamanda, akaanza kunywa maziwa. Amoni alitoka na mpini wa jembe, akamchapa mgongoni. Jike likageuka, likamuuma kwenye shavu la mguu, likakimbia hadi mlangoni kwa Jairo likajikunja pale. Amoni alipiga kelele, vijana wakaja na marungu. Mbwa asiye na mwenyewe akiuma mtu hana wa kumtetea. Walimmalizia palepale kizingitini, na Ikupa alilia mbele za watu kwa ajili ya mbwa, mpaka Amoni akaona aibu akamwambia aingie ndani.

Hospitali ya Tukuyu walimwosha Amoni kidonda kwa sabuni na maji mengi, wakamchoma sindano ya kichaa cha mbwa, wakampa tarehe za kurudi. Nesi Neema, aliyemhudumia, alimsifu. Wazee wengi, alisema, huchelewa, wanaanza na majani, wakija hapa mambo yameshaharibika.

Kabla tarehe ya kurudi haijafika, Kamanda aliacha maziwa. Kila Ikupa alipomsogezea bakuli alirudi nyuma akitetemeka. Alijificha chini ya kitanda, akatafuna mguu wa kitanda mpaka fizi zikatoka damu. Sauti ikabadilika, ikawa ya mbwa mzee mwenye mafua. Udenda ulimtoka, akatembea kwa kuyumba, na asubuhi moja wakamkuta amekauka nyuma ya pipa.

Amoni alimpigia simu Fred. "Minyoo hiyo, mzee," Fred alisema haraka. "Na baridi yenu ya huko. Nilikwambia umfunike." Hakuwa amemwambia. Lakini Amoni alilipokea jibu hilo kwa mikono miwili, kwa sababu jibu jingine hakutaka hata kulitazama. Akachimba shimo, akamfukia.

Tarehe ilipofika, Ikupa alimwambia watakwenda wote. Walikaa kwenye benchi la wagonjwa. Kulikuwa na watu wengi, na mwisho wa benchi aliketi mama mmoja wa kwaya yao, mwenye masikio mazuri na ulimi mzuri zaidi.

"Baba Tulia," Ikupa alinong'ona, "nami nimwonyeshe nesi hiki kidole?"

"Kidole kipi?"

"Kile alichoking'ata Kamanda. Hakufa kifo kizuri yule. Nimeona wanyama wengi wakifa, sijaona anayeogopa maziwa."

Amoni alikitazama. Kilishapona, kimebaki kialama. Kisha akamtazama yule mama wa kwaya, na tayari akayasikia maneno yatakayopanda Isongole kesho: Amoni kaua mbwa mzima wa bure, kaingiza kichaa nyumbani kwake kwa pesa yake mwenyewe.

"Unataka tuchekwe?" alisema kwa sauti ya chini. "Mtu mzima uombe sindano kwa sababu ya meno ya utoto? Fred kasema minyoo."

Mlango ukafunguliwa. "Mzee Amoni! Karibu." Neema alisimama na trei mkononi. "Nyumbani wote wazima? Hakuna mwingine aliyeumwa?"

"Hakuna," Amoni alisema.

Ikupa alikuwa nyuma yake. Alimsikia akivuta pumzi ya kutaka kusema, kisha akaitoa bila neno. Mke wa Amoni hakuwa na tabia ya kumbishia mumewe mbele za watu. Alikifumbata kidole ndani ya ngumi, ngumi akaificha ndani ya kitenge, akakaa kumsubiri.

Sindano zote Amoni alizimaliza, hakukosa hata tarehe moja.

Walikuwa wakivuna viazi Ikupa alipoanza kusema kidole kinamwasha. Akakisugua kwenye suruali ya kazi, akaendelea kuchimba. Kesho yake mkono mzima ulikuwa na ganzi na mwili una homa. Keshokutwa yake, jikoni, alinyanyua kikombe cha chai na koo likafunga. Alicheka kidogo, kwa aibu, akajaribu tena. Mwili ukamruka, kikombe kikaanguka, akarudi nyuma hadi ukutani akiitazama chai inayomwagika chini kama kitu kinachomfuata. Amoni alikuwa amesimama mlangoni. Alijua palepale. Alishamwona Kamanda akilikimbia bakuli.

Walishuka Tukuyu kwa gari la kukodi, na binti yao Tulia akaja na mtoto wake mchanga mgongoni. Ndugu walijaa kwenye korido, na kila aliyeulizwa alisema ni yule mbwa wa Jairo, yule jike aliyelaaniwa. Neema alimgeukia Amoni. "Ni yuleyule aliyekuuma wewe?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mtasema alishakufa, asingebisha.

"Hapana," Amoni alisema. "Yule alikuwa mzima. Ni kitoto cha Msasani. Nilikinunua mimi."

"Lakini si nilikuuliza, baba?" Neema alisema. Hakusema kwa ukali, na Amoni angetamani aseme kwa ukali.

Daktari aliwaeleza taratibu. Ugonjwa ukishafika hapo hauna dawa. Kilichobaki ni kumtuliza asiteseke. Chumba kiwe na giza, upepo usimpige, maji yasikaribie. Na mate yake ni hatari, kwa hiyo Tulia na mtoto wabaki nje, na ndugu wote vilevile. Tulia alilia akigonga kioo cha dirisha kwa kiganja, "Mama, niko hapa, mama," mpaka wakamwondoa kwa sababu kila kishindo kilimshtua mgonjwa.

"Sasa atakaa na nani?" shemeji mmoja akauliza.

Neema alimtazama Amoni. "Wewe unaweza," alisema. "Wewe umechanjwa."

Akaingia. Ikupa alikuwa ameelekea ukutani, nywele zimelowa jasho. Kuna saa alipiga kelele asimjue mtu, na kuna saa alirudi akawa Ikupa kabisa, na hizo ndizo zilizokuwa ngumu zaidi. Katika mojawapo aliuona mlango umeachwa wazi kidogo, upepo unaingia, akaanza kutetemeka. Amoni akainuka akaufunga.

"Ndaga," Ikupa alisema.

Amoni, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulala na kitu cha mtu bila kukirudisha, alitafuta neno la kumrudishia akalikosa. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Kaa mbali, Baba Tulia," mkewe alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nasikia ikija tena. Nitakuuma."

"Uma tu," Amoni alisema.

Hakumuuma. Alimpa mkono, ule wenye kidole, na Amoni akaushika mpaka ulipopoa.