Samaki wa Birika na Mashavu ya Mwali

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, niliua viumbe sita wa Mwenyezi Mungu kwa vikombe viwili vya sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo, kisha nikanyamaza karibu wiki mbili huku jini asiye na kosa akisingiziwa. Nalitaja mwanzo kabisa, ili asiyetaka kusikia maneno ya mkosaji aachie hapa hapa. Toba nimeleta na bado naileta. Lakini kisa chenyewe kina vichekesho vyake, na marehemu bibi yangu, aliyekihadithia mitaani miaka mingi kabla yangu, alikuwa akicheka hadi ushungi unamdondoka.

Bibi, Bi Zuhura, alikuwa na nyumba Malindi, upande wa mji wa kale. Uani palikuwa na birika la mawe na chokaa, lililonifika kifuani, na maji yake ndiyo tuliyoogea na kutawadhia. Ndani ya birika waliishi samaki sita, kila mmoja kama kidole changu cha shahada. Nyumba nyingi zenye birika zilikuwa nao, na hatukuuliza wanafanya nini mle, kama mtu asivyouliza paka wa nyumbani anafanya nini jikoni.

Bibi ndiye aliyekuwa na maelezo, na yalikuwa yake mwenyewe. Alisema samaki wale ni amana ya mwenye maji. Mwenye maji alikuwa jini, tena Muislamu, mpole, asiyependa kelele.

"Ukichota sema bismillahi," alinifundisha, "na hao uwatolee salamu. Ukiwaudhi, mwenye maji hakugusi wewe, la. Humwendea yule mnayempenda nyumbani, akamtia alama."

Nikawa nawasalimu kila asubuhi. Leo najua salamu za samaki hazimo katika kitabu chochote nilichosomeshwa, na mimi si msomi, nina darasa la nane na juzuu zangu chache. Lakini wakati ule niliwasalimu kwa adabu zote, na nikingoja kidogo, ati wapate kuitikia.

Mwaka huo mama mdogo Rukia, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa akiolewa. Aliwekwa ndani kama desturi, chumba chenye dirisha la uani, asitoke wala asionekane, akisingwa kwa liwa na manukato asubuhi na jioni mpaka siku ya harusi. Aliyemshughulikia ni somo wake, yaani kungwi wake, Bi Nuru, mwanamke mnene, mwenye amri nyingi, aliyejua mambo ya majini kuliko anavyojua majirani zake. Mimi nilimpenda Rukia kupita kiasi. Ndiye aliyenisuka nywele bila kunivuta, na ndiye aliyenificha kila nilipostahili fimbo.

Basi nikataka kumfanyia jambo la thawabu. Shuleni mwalimu wa kike alikuwa ametufundisha kwamba maji safi hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Nilirudi nyumbani nikalichungulia birika letu. Rangi lilikuwa nayo, kijani kibichi kuta zote. Harufu nayo ilikuwapo, kidogo. Ladha sikuionja. Nikaona aibu: mwali wetu, wa kuogeshwa kwa waridi na mwasmini, anaogeshwa kwa maji yaliyofeli mtihani!

Bibi alipokwenda kwenye dua ya jirani, nikamimina sabuni. Nikaona haitoshi, nikaongeza dawa ya nguo nyeupe. Nikakoroga kwa mti wa ufagio. Povu likapanda zuri kama la sherehe, na nilipolipepea kando ili nione usafi wangu, niliwaona wote sita wamelala kwa ubavu, midomo wazi, kama waliokuwa wakijaribu kunijibu salamu kwa mara ya kwanza.

Niliwatoa kwa kata, nikawafunga kwenye kipande cha leso, nikawazika chini ya mwasmini. Kwa kuwa sikujua wao ni dini gani, nikafuata dini ya mwenye maji: niliwaelekeza kibla nikawasomea Fatiha. Kisha nikazibua birika, nikalisugua, nikalijaza upya kwa maji ya kisimani, ndoo kwa ndoo, hadi mabega yakawaka.

Bibi aliporudi akasimama uani. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini weupe wa kuta aliuona.

"Mashallah! Nani kasafisha?"

"Ni mimi, Bibi."

"Na wenyewe wamo?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, nami nikaufunga kwa mkono wangu. "Wamo," nikasema. "Wamelala chini. Wanaona haya, maji yamekuwa meupe."

Uongo nao unataka kulishwa. Kila alfajiri Bibi alimwagia samaki wake punje za wali akiwaombea heri, na kila alfajiri mimi nilimfuata nyuma kuzichota zile punje kwa kata. Nyingine zilizama, zikaachwa. Alivyoona wali haupo, akafurahi: "Tangu ulivyowasafishia wanakula vizuri!"

Zikapita kama siku kumi. Siku moja alasiri Rukia alitoa kelele chumbani. Bi Nuru akaingia, naye akatoa kelele zaidi. Mwali alikuwa amepakwa liwa mwili mzima na kufunikwa leso mbili. Palipobaki wazi palikuwa mashavu na shingo, na hapo palikuwa na mapele mekundu, saba au nane, yamevimba.

"Mbu," alisema Rukia akijikuna.

"Usijikune! Mbu gani wa saa tisa mchana?" akasema Bi Nuru. "Mbu huuma mguu, huuma mkono, huuma hata sikio la maskini. Huyu kachagua mashavu." Akainama, akamnong'oneza Bibi kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia: "Bi Zuhura, hizi ni busu."

"Audhubillahi!"

"Jini mahaba. Kaona mwali ananukia, kapenda. Ana wivu huyo."

Yule mnayempenda nyumbani, atamtia alama. Maneno ya Bibi yalikuwa yamesimama mbele yangu, yana mapele.

Siku zilizofuata nyumba ilifukizwa ubani hadi tukawa tunakutana ukumbini kwa kugongana. Rukia alinyweshwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi, mara tatu. Kila moshi ulipotulia, mapele yaliongezeka. Sote tuliumwa, Bi Nuru mwenyewe alikuwa akijipiga makofi ya shingo huku akieleza habari za jini, lakini mapele yetu sisi hayakuwa habari. Sisi hatukuwa tukiolewa.

Jambo lililotisha ni Alhamisi. Alhamisi mama wa bwana harusi, Bi Khadija, angekuja na jamaa zake kuleta sanduku la mwali na kumtazama. Bi Nuru alisema wazi: "Akimwona hivi atauliza. Akisikia jini, hamwachii mwanawe alale na mke mwenye mume mwingine. Harusi hiyo itavunjika."

Nilimsikia Rukia akilia nyuma ya pazia, kilio cha chini chini, cha mtu aliyekatazwa kutoa sauti. Nikaenda dirishani.

"Mama mdogo."

"Ondoka, usinione."

"Akikuacha huyo bwana, utafanyaje?"

"Nitaolewa na huyo jini," akasema, "maana yeye angalau hatauliza sahani za zawadi ziko ngapi." Alitaka kunichekesha. Mimi nikalia kumshinda yeye. Niliswali usiku ule rakaa nyingi kuliko nilizojua kuzihesabu, nikimwomba Mungu amwambie jini aje anitie alama mimi, uso mzima, miguu pia. Ila kumwambia Bibi ukweli, hilo sikuliomba. Najiona mjinga sana ninapolikumbuka.

Jumatano asubuhi akaja Mama Kadzo. Huyu alikuwa mkulima wa kijiji cha Ganda aliyetuletea mchicha na mabamia, mwanamke Mgiriama, Mkristo wa kanisa lenye ngoma, rafiki ya Bibi tangu wote wawili wana meno. Alitua kapu, akaomba maji ya kuosha miguu. Bibi akamwambia ajichotee. Mama Kadzo akatia kata birikani, akaiinua, akaitazama, akaisogeza kwenye jua.

"Hee! Bi Zuhura! Mumeanza lini kufuga mbu?"

"Kufuga nini?"

"Ndzo uone!" Alimwita kwa Kigiriama, njoo, njoo. "Viluwiluwi hivi, vinacheza kama watoto wa shule wametoka darasani. Kata moja hii ni harusi nzima ya mbu. Samaki zenu wako wapi?"

"Wamo! Alfajiri hii nimewalisha."

"Wangekuwamo, hawa wasingekuwamo. Samaki hula hivi vyote kabla havijaota mbawa. Mtu katoa samaki humu."

Mbu mmoja, mweusi, miguu ya madoa meupe, akatua mkononi mwa Mama Kadzo mchana kweupe, naye akampiga akamwonyesha Bi Nuru: "Huyu ndiye bwana wenu mpenda busu?"

Sikuambiwa niseme. Nilijikuta niko chini nimeshika miguu ya Bibi, nasema yote kwa mfululizo, sabuni, dawa ya nguo, povu, wali, uongo. Nilipomaliza nikafunga macho nikingoja kofi.

"Umewazika wapi?" Bibi aliuliza.

"Chini ya mwasmini."

"Kwa kibla?"

"Ndiyo, Bibi."

Akavuta pumzi. "Haya. Angalau."

Ndipo sauti ikatoka chumbani, sauti ya mwali asiyeruhusiwa kusikika hadi kwa jirani: "Kwa hivyo mimi nimekunywa kombe mara tatu kwa ajili ya sabuni?" Kikafuata kicheko, cha kwanza kwa siku nyingi, na Mama Kadzo akakipokea, na Bibi akakipokea, akakaa juu ya kapu la mchicha akalivunja. Bi Nuru peke yake hakucheka. Alisema jini huweza pia kutumia mbu.

Birika likamwagwa siku hiyo hiyo. Bibi akanituma Ganda pamoja na Mama Kadzo, na dumu moja, kutafuta samaki wengine. Nyuma ya shamba lake palikuwa na kidimbwi chenye magugu, vyura wakipiga kelele kama mnada. Aliwateka samaki kwa kapu, tukaoneshana kila mmoja. Akaniambia kwamba upande wa pili wa kijiji palikuwa na kidimbwi kama kile, na jirani mmoja akaoshea humo pampu ya dawa ya nyanya. "Vyura wakanyamaza siku moja wote," alisema. "Yeye akafurahi, ati sasa atalala. Hakulala. Mwaka huo hapakuwa na mtoto ambaye hakushikwa na homa. Maji yakinyamaza, mwanangu, usifurahi."

Adhabu yangu ilikuja Alhamisi. Bibi aliniweka mbele ya Bi Khadija na wageni wake wanane, mbele ya halua na kahawa, akasema: "Mjukuu wangu ana neno kuhusu mashavu ya mkweo." Nikalisema. Ukumbi mzima ukanitazama. Nyuma ya pazia nilijua Rukia amezuia pumzi. Bi Khadija alikunywa kahawa yake taratibu, akafuta midomo kwa ncha ya leso, akasema:

"Mwanangu mimi, mbu wamempenda tangu kuzaliwa. Mapele yake hayahesabiki. Basi watafanana."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata siku ya harusi havikufika. Rukia aliolewa akiwa na mapele mawili chini ya poda, na leo ana wajukuu.

Bibi hakuiacha imani yake hata siku moja. "Si niliwaambia?" alikuwa akisema. "Mwenye maji kaudhiwa, kamwendea tunayempenda." Nilipokua nilijaribu kumsahihisha, nikamweleza habari za viluwiluwi. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Naam. Na nani aliyewaweka samaki ili wawale?" Jibu tulilijua wote wawili, na halikuwa jini. Mungu aliweka kila kitu na kazi yake, na sisi huja na sabuni zetu kwa nia njema kabisa. Sidhani niliwahi kufanya dhambi kubwa kwa nia mbaya. Zote nilikuwa nasafisha kitu.

Birika bado lipo, nami ndiye mwenye nyumba sasa. Majirani wengi wamevunja ya kwao, wakaweka matangi ya plastiki. Mwaka jana mtu alipita mtaani akipuliza dawa ya wadudu. Nilimsikia, nikasema nitalifunika nikimaliza kusonga ugali. Nilipotoka, samaki wote walikuwa wamelala kwa ubavu. Umri huu, kosa lile lile. Nikaenda Ganda kwa watoto wa Mama Kadzo, nikakuta kidimbwi kimejazwa kifusi na juu yake pamesimama nyumba za kupangisha, safi, zina vigae, na wapangaji wakanilalamikia mbu.

Basi wewe uliyesikiliza hadi hapa, nina ombi moja. Kama kwenu, iwe Tezo, iwe Mambrui, iwe popote, kungali na kisima au kidimbwi chenye samaki wadogo wa kidole, usikimwagie kitu, na usimruhusu mtu akijaze. Na siku ukija Malindi, nichukulie wanne kwenye dumu, uwafunike wasipigwe na jua.