Kiporo cha Majibu Mitole

Msomaji, unajua vipo vijiji visivyoshika mtandao, na umegeuza uso. Mnara wa simu ulipoahidiwa mkutanoni, wewe ulipiga makofi, ukaenda zako. Sisi tuliobaki hatujasahau.

Saa moja asubuhi. Umi Hasani anafungua kibanda chake cha kuchajia simu hapa Mitole, wilayani Kilwa, anapangusa vumbi kwenye kisanduku chenye antena. Kwa visanduku vya namna hiyo, simu za kijiji zinaulizana zenyewe kwa zenyewe. Swali linapita nyumba hadi nyumba. Simu iliyowahi kupata jibu mtandaoni huwa imelihifadhi, nayo humpa jirani.

Wenyewe wanayaita majibu hayo kiporo. Ni kama wali wa jana: unapashwa tu, hakuna anayepika upya.

"Ila kiporo huchacha," anasema Umi, hacheki. "Na simu haina pua."

Msimu wa korosho uliopita, jirani yake Rehani aliumwa na nyoka akiokota korosho. Ndugu wakauliza simu: dawa ya sumu iko wapi? Ikawatajia zahanati. Wakauliza ya pili, ya tatu, hadi ya Umi mwenyewe. Zote neno moja. Wakampakia mgonjwa kwenye pikipiki.

Kumbe pale zahanati dawa ilikwisha tangu masika. Simu zote zilikuwa zimenakili jibu moja la zamani. Waliodhani wana mashahidi wengi walikuwa na mmoja tu. Hadi wanaifikia hospitali ya mbali, mguu ukawa wa kukatwa.

Rehani huyo anaingia kibandani kwa magongo, anauliza leo kumepashwa nini.

"Nusa kwanza, shemeji," anajibu Umi, akimwachia kiti.

Siku hizi Umi halilazi jibu la dawa. Analifuta kila jioni. Asubuhi Rehani analinda kibanda, Umi anapanda pikipiki hadi barabara kuu kunakoshika mtandao, akaulize upya. Mara nyingi anarudi mikono mitupu. Hakuna anayeandika dawa gani ipo, ipi imeisha.

"Nataka mtu akiuliza leo," anasema, "apate la leo."

Basi wewe mwenye ufunguo wa kabati la dawa, popote ukanda huu wa Lindi: fungua sasa, tazama, andika mtandaoni. Na wewe usiye nao, kampigie hodi mwenye nao. Usiniambie kesho. Nyoka hangoji kesho.