Mbuzi wa Akoru

Akoru wa Lopur hakuwa mtu wa kupewa kitu. Ukimpa chumvi leo, kesho yuko mlangoni kwako na maziwa. "Mkono mtupu haulambwi," alikuwa akisema, utadhani usemi huo ameutunga yeye. Ukame wa mwaka 2011 ulimmalizia mbuzi, akabaki na mmoja tu, jike la madoadoa, na bado hakumwomba mtu. Alikata kuni, akazibeba kichwani hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akabadilishana na unga. Kiburi cha namna hiyo kinachosha majirani, lakini ni vigumu kutokipenda.

Mwanzoni mwa 2013 alijiunga na mafundisho ya ubatizo. Katekista Ethuro, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliwafundisha katika kanisa la mabati. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku ya somo la neema.

"Neema ni zawadi ya Mungu. Hainunuliwi," alisema Ethuro.

"Hata kwa mbuzi?" akauliza Akoru.

"Hata kwa ngamia, mama."

Wenzake walicheka, naye akacheka. Njiani kurudi nyumbani hakucheka tena, maana alikuwa na jambo lake moyoni.

Mwaka mzima alikuwa akimpelekea kuni Nyariek, mama wa Sudan Kusini aliyepika chai na mandazi kambini. Nje ya mzigo alipanga kuni kavu za mti wa mathenge, safi kabisa. Katikati alificha magogo yaliyoliwa na mchwa, mepesi kwa shingo ya mama mzee, yenye moshi mwingi na moto kidogo. Nyariek hakuwahi kufungua kamba akague. Alijaza kopo la unga, akalitikisa unga ushuke, akajaza tena mpaka juu. Akoru alirudi Lopur akijiambia kwamba wajinga ndio waliwao.

Kwao Lopur, kosa kama hilo husafishwa kwa kutoa mnyama. Bila mnyama, kosa liko palepale. Mungu gani basi angemsafisha bure?

Wiki moja kabla ya Pasaka alimwendea Ethuro, kamba ya mbuzi mkononi.

"Pokea hii, ndio nibatizwe."

"Mama, tulisema ni bure!"

"Kitu cha bure kina mwenyewe, atakuja kukidai. Kama hutaki mbuzi, mimi sibatizwi."

Akamweleza habari ya kuni. Ethuro alijikuna kichwa.

"Moshi haukuingia kwa macho yangu," akasema mwishowe. "Nenda kwa yule ambaye moshi ulimwingia."

Akoru akaenda, akimvuta mbuzi kwenye jua kali, na njia nzima alitamani arudi. Alimkuta Nyariek akipepea jiko, macho mekundu kama kawaida.

"Ejok, Nyariek," akamsalimu.

"Ejok, mama. Leo kuni iko wapi?"

"Leo nimeleta mbuzi."

Akayamwaga yote akiwa amesimama vilevile: magogo, mchwa, kila mzigo, mwaka mzima. Nyariek hakuacha kupepea.

"Mimi najua, mama. Tangu mzigo ya kwanza."

"Ulijua?"

"Si mimi ndio nawasha?"

"Na unga ulikuwa unanijazia!"

"Ulikuwa na njaa. Hata mimi nilikuja hapa na njaa, na mtu hakuniuliza nimebeba nini."

Akoru aliona aibu, kisha akaona hasira, maana hakuna kinachouma kama kugundua kwamba ujanja wako ulikuwa ukionewa huruma. Akamsukumia kamba.

"Chukua mbuzi."

"Iko moja tu kwako. Nikichukua, maziwa utatoa wapi?"

Nyariek akainuka, akachukua kopo, akalijaza unga. Akalitikisa. Akajaza tena mpaka juu. Siku hiyo hapakuwa na kuni hata ya kuchokolea meno.

Akoru alitazama kushoto na kulia kama anayetafuta kitu cha kulipia. Hakikuwapo. Akakaa chini, akapokea kopo mapajani, akalia kwa sauti mpaka wanywa chai wakageuka. Nyariek alimsogezea maji, akarudi kwenye jiko lake.

Jumapili ya Pasaka padri alichelewa kutoka Lodwar, gari lilikuwa limenasa mchangani. Ethuro alisimama mlangoni akihesabu wabatizwa wake kwa wasiwasi, na mmoja alikuwa hajaonekana. Kisha akamwona Akoru akija mbio, shanga mpya shingoni, nyuma yake Nyariek.

"Mama! Mbuzi iko wapi?" Ethuro akamtania.

"Iko nyumbani, inakula."

"Na umeleta nini?"

Akoru akainua viganja vyote viwili mbele ya uso wa Ethuro, akavigeuza huku na huku ili avione vizuri.

"Nimekuja hivi," akasema, akaingia kanisani.