Mpini wa Mwiko na Jiwe la Kijani

Barnaba Makhanu si mlevi, si mchoyo, na kanisani hutoa sadaka bila kuangalia nani anamwona. Ugonjwa wake ni mmoja tu: mawe. Tangu kiwanda cha sukari kimpe barua ya kustaafu, fundi huyu amegeuza banda la kuku kuwa karakana. Alifunga humo mota ya mashine ya kufulia iliyokufa, akaanza kusugua mawe aliyookota kwenye vifusi vya wachimba dhahabu. Anakata kipande, chini anakiacha bapa, mgongo anauviringisha mpaka jiwe linakuwa kama nusu ya yai. Kisha msasa mkali, msasa laini, na mwisho kitambaa cha jinzi kilichopakwa poda. Hauzi. Anapiga picha kwa simu, basi. Mimi jirani yake hapa njia ya Malava nimemwambia mara nyingi kwamba afadhali kuku, walikuwa wanataga.

Mkewe, Gentrix, alivumilia. Alivumilia kelele, vumbi, na maji mazito kama uji ndani ya ndoo zake. Hata akiwa anafua, akiitwa kusaidia kupiga picha, aliacha nguo kwenye beseni akaenda.

Sasa, jiwe dogo huwezi kulishika kwa vidole kwenye gurudumu linalozunguka. Hubandikwa kwa lakiri ya moto kwenye kijiti. Vijiti vya Barnaba vilikuwa vinapinda kwa maji, na mwezi wa nne alipata jiwe la kijani lenye mshipa mweupe katikati. Aliniambia amelisubiri maisha yake yote. Likadondoka mara mbili. Akaingia jikoni kutafuta mti mkavu, akaona mwiko wa miaka thelathini, hauvimbi wala haupindi. Akaukata mpini kwa msumeno.

Mwiko ule Gentrix alipewa na marehemu mama yake siku alipoolewa. Na kwao Butere, mama huyo aliwafundisha binti zake hivi: mume akiuvunja mwiko wako kwa mkono wake, amekufukuza, hana haja ya kusema neno. Gentrix alipokuta kichwa cha mwiko mezani hakulia wala hakuuliza. Alikunja nguo zake, akaniachia funguo, akaenda kwa kaka yake Were.

Siku ya tatu Barnaba alibisha kwangu, hajanyoa.

"Mama Musimbi, nisindikize Butere. Mimi sikufukuza mtu. Nilitaka kijiti tu."

Nilimkaripia mpaka nikaridhika, kisha nikajifunga leso.

Were alitukaribisha kwa viti na chai, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. "Shemeji," akasema, "sisi tulikupatia dada pamoja na mwiko. Dada amerudi. Mwiko iko wapi?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha hapo hapo. Barnaba alitoa simu. "Angalia, shemeji. Huu ndio mpini, na hili ni jiwe limebandikwa juu yake. Ilikuwa kazi tu."

Were aliichukua simu, akaitazama picha ile, akasogeza kidole. Jiwe jekundu. Jiwe jeupe. Jiwe la madoa. Akaendelea mpaka chai yake ikapoa.

"Picha ya dada yangu iko wapi?"

Haikuwepo hata moja. Niliona aibu kwa niaba ya Barnaba.

"Na hii mkono?" Were akauliza. Karibu kila picha, pembeni, palikuwa na vidole vimeshika sahani nyeupe.

"Ni wake," Barnaba alisema polepole. "Huwa anashika sahani ili mwanga urudi kwa jiwe."

Gentrix alikuwa amesimama mlangoni. "Miaka nane nashikanga hiyo sahani, Baba Nekesa. Nikisogea kidogo unaniambia nitoke kwa picha."

Barnaba aliinama, na machozi yakamtoka, mzee mzima, mbele ya shemeji yake. "Nimekosa, Mama Nekesa. Nimekosa kwa mwiko, na kwa hii nimekosa zaidi."

Nikamwonea huruma, sitaficha. Akapapasa mfukoni, akatoa lile jiwe la kijani, limekwisha kung'arishwa. Gentrix hakulipokea. Aliingia ndani, akarudi na sahani nyeupe, akamtia Barnaba mkononi. Simu akamwachia kaka yake.

"Leo utashika wewe."

Akakaa kwenye kiti, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa. Barnaba akapiga magoti, akainua sahani. Were alichukua muda wake, na nadhani alifanya makusudi. Gentrix alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho.

"Sogea kidogo," akasema. "Umeingia kwa picha."

Kisha akacheka, wa kwanza kucheka siku hiyo, akaenda kuchukua mfuko wake. Were akamtafutia mwiko mwingine kutoka jiko la marehemu mama yao. Gentrix alinikabidhi mimi niubebe mpaka nyumbani, na Barnaba hakuthubutu hata kuuangalia.